Maji ya Watu Wasiozaliwa

Mtu akiniuliza leo Bwana Maji alikuwa mtu wa namna gani, nitampa majibu mawili yasiyopatana, na yote mawili nitayaapia. Nitasema alikuwa mwerevu. Nitasema pia kwamba hakujua alichokuwa akifanya. Nilimpikia chai kwa miaka, nikamwona akicheka, nikamwona akigombana na watu, nikamwona akilia hadharani kama mtoto, na bado nikimfikiria kichwa changu hakitulii.

Jina lake alitutajia siku aliyofika, nadhani, lakini hakuna aliyelishika. Sisi Wapokomo, Waorma wenye ng'ombe, Wagiriama waliokuja kulima, Wasomali wa madukani, wote tulimwita Bwana Maji, kwa kuwa ndiyo kazi aliyosema imemleta.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Garsen ilikuwa njia panda tu. Kulikuwa na maduka machache ya mabati, soko la mifugo, na kivuko ambapo malori na mabasi ya Lamu na Malindi yalingoja zamu ya kuvushwa. Mimi nilikuwa na hoteli yangu karibu na kivuko, kibanda cha makuti chenye mabenchi na meko. Mume wangu alikuwa miongoni mwa wanaume waliokivuta kivuko kwa kamba. Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, aliishi nasi na alikuwa na shamba la migomba kando ya mto.

Ukitoka kwenye ukingo wa mto ukaingia ndani kidogo tu, ni nchi kavu. Vumbi, miiba, jua, na upepo unaokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Mto ndio uhai, na nje ya mto hakuna kitu. Basi Bwana Maji alipokuja na darubini yake ya miguu mitatu akasema ametumwa kupanga maji ya mji, tulitazamana.

"Mji upi?" mavyaa alimwuliza. Alikuwa akimenya ndizi, hakuinua uso.

"Huu, mama."

"Huu una mto."

"Leo mto unawatosha. Mui huu utakua mkubwa. Barabara itapanuliwa, watu watahamia, watajenga hadi kule miibani. Watakunywa nini?"

Alitokea Kipini, na usemi wake ulikuwa wa watu wa kule. Mji aliuita mui, maji aliyaita mai. Alisema kwa sauti ya upole, kama mtu anayesoma. Mavyaa aliacha kumenya, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Hao watu wako wapi sasa hivi?"

"Hawajazaliwa," akasema.

Mavyaa akarudia ndizi zake. Mgeni alipoondoka, mavyaa aliniambia, "Yule amekuja kuwatekea maji watu walio matumboni, na matumbo yenyewe bado hayajaolewa."

Huo usemi wake wa Kipini ulituletea vichekesho vingi. Kule kwao mtu akitaka kukuita uje, hasemi njoo, husema ndoo. Siku moja alikuwa kule uwandani anapima, akawa anampungia mkono Bonaya, mzee wa Kiorma ambaye ng'ombe wake walikuwa wamesimama katikati ya vigingi vyake vya kupimia. "Ndoo!" akaita. "Ndoo, mzee, ndoo!" Bonaya alimsikiliza, akageuka, akatembea mpaka hotelini kwangu na kurudi juani amebeba ndoo yangu ya kuoshea vyombo. Akaiweka miguuni pa Bwana Maji.

"Ndoo hii hapa," Bonaya akasema. "Sasa hiyo maji iko wapi?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye alicheka kuliko sisi. Tangu siku hiyo wale wawili wakawa kama marafiki, ingawa si urafiki niliouelewa, maana walibishana kila walipokutana.

Alikuwa na mambo yake. Chai yangu aliinywa bila sukari, lakini aliomba sukari pembeni na kuila kwa kijiko. Akiniona nasuuza kikombe mara mbili alikunja uso. "Mara moja yatosha, Mama Komora," alisema, hata kabla sijamzaa Komora, nilipokuwa bado na mimba yake. Nilimwambia asimpe jina mtoto ambaye hajatoka. Akasema si jina hilo amelitaja mume wangu mwenyewe, na mimba imeshaonekana. Lakini yeye huyohuyo aliyenuna nikisuuza kikombe, jioni nilimwona akimimina debe zima la maji kwenye mchanga ili tu aone yatachukua muda gani kunywewa na ardhi. Anamimina, anatazama saa yake, anamimina tena. Wanawake waliotoka mtoni na mitungi kichwani walisimama wakamkodolea macho. Hakuona aibu.

Tena aliuogopa mto. Hilo lilitushangaza kuliko yote. Mtu aliyezaliwa Kipini, mahali ambapo mto wetu unaingia baharini, na hakujua kuogelea. Akivuka kwenye kivuko alisimama katikati kabisa, amefumba macho, amemshika mume wangu mkanda. Mume wangu alimpenda kwa ajili hiyo. Alisema ni kama kumvusha bibi harusi. Wakati mwingine aliipunguza kasi ya kamba kwa makusudi ili amsikie akisoma dua kwa sauti ndogo.

"Unaogopa nini, bwana?" alimwuliza siku moja. "Mamba hawapandi huku."

"Simwogopi mamba," akajibu. "Naogopa kwamba huu mto haukai. Leo uko hapa. Kesho umehamia kule. Nitawapangiaje watu maji ya kitu kinachohama?"

Jambo hilo kila Mpokomo analijua. Mashamba ya babu zetu mengine sasa yako ng'ambo, mengine yako mahali ambapo hapapiti hata tone. Sisi mto ukihama tunahama nao. Lakini kwake lilikuwa jambo la kumkosesha usingizi.

Nafikiri ndiyo sababu shauri lake halikukaa mahali pamoja. Mwanzo alisema maji yatavutwa kutoka mtoni kwa mashine. Aliwaita watu kwenye baraza akawaeleza. Mashine itakaa juu kidogo ya kivuko, na ili maji yawe safi, malka ya pale itafungwa. Malka ni ile njia ambayo ng'ombe huitumia kushukia mtoni katikati ya mashamba. Wakulima walipiga makofi. Ng'ombe kupita mashambani ilikuwa vita ya kila mwaka.

Bonaya alisimama na fimbo yake. "Wewe nafunga malka, ng'ombe yangu nakunywa nini? Nakunywa karatasi yako?"

"Watachimbiwa bwawa lao, mzee."

"Lini?"

"Mji ukishakua."

"Na leo?"

 Badala ya kumjibu, Bwana Maji akawageukia wakulima akasema na wao pia mashamba yaliyo karibu na mashine itabidi yaondoke, kwa kuwa mbolea na uchafu wake huteremka majini. Makofi yakakatika. Migomba ya mavyaa ilikuwa hapohapo. Sijawahi kuona Waorma na Wapokomo wakitoka barazani wakizungumza kwa umoja kama siku ile, wote wakimtukana yeye.

Alikuja hotelini akaketi peke yake. Nilimpa chai. Akaniambia, "Wote wana haki. Hilo ndilo tatizo. Nikiwapimia walioko, wajao watakufa kiu. Nikiwapimia wajao, walioko watanipiga mawe."

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui," akasema, akala sukari yake.

Baada ya hapo akaacha habari za mashine, akaanza visima. Kisima, alisema, hakihami. Alileta vijana wakachimba nyuma ya soko, wakachimba njia ya Witu, wakachimba kule uwandani. Kila maji yalipoonekana alishuka mwenyewe kwa kamba, akayaonja. Tukimwona anatoka ametema mate tunajua ni chumvi. Kimoja kilikuwa na maji matamu. Alifurahi, akachinja mbuzi, akawaita watu, wakala. Mwezi uliofuata kile nacho kikageuka chumvi. Watu wakasema kisima hakikuikubali sadaka ya mbuzi yule.  Yeye alikuwa akizunguka na mwavuli wake mweusi juani, anaangalia chini, anagonga ardhi kwa kisigino.

Wakubwa wake walikuja mara moja kwa gari, wakatazama karatasi zake mezani kwangu. Nilisikia mmoja akimwuliza kwa Kiswahili kibovu, "Huu mji wako mkubwa, uko wapi?" Wenzake wakacheka. Bwana Maji akacheka pia, lakini baada ya muda kidogo. Walipoondoka nilitaka kumwuliza kama ni wao waliomtuma apange mji mkubwa, au ni yeye aliyeuongeza ukubwa kichwani mwake. Sikumwuliza, na mpaka leo sina jibu.

Shauri lake la mwisho lilikuwa tangi. Alipata mwinuko mmoja nje ya mji, si kilima, ni mahali tu ambapo ardhi imejitutumua. Alipima kila upande akasema hapo ndipo tangi la mji litakaa, kwa sababu maji yakiwa juu yatateremka yenyewe hadi kila nyumba. Akahamishia hema lake huko. Alituambia, na nakumbuka maneno yake kwa kuwa yalitugharimu: "Hata mto ufurike namna gani, hapa hapafikiwi."

Masika ya mwaka ule niliyakuta na mtoto mchanga mgongoni. Huku kwetu haikunyesha sana, lakini mvua ya juu, ya milimani, ilikuwa nzito. Mto ukageuka rangi. Ukaanza kubeba miti mizima, halafu mapaa ya nyumba, halafu mbuzi waliovimba. Mume wangu na wenzake walikuwa ng'ambo wanakifunga kivuko, na kamba ikakatika wakiwa hukohuko. Maji yakaingia hotelini kwangu asubuhi nikiwa nachochea moto.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa akikimbia ndani ya maji ya magotini, mtu yule aliyeogopa hata kivuko, akipiga kelele, "Ndooni! Ndooni juu! Ndooni nyote!" Tulikimbia. Na mimi nawaapia, kuna waliobeba ndoo. Sijui kama walikuwa wamesikia vibaya au mtu akikimbia hushika kilicho karibu.

Tulipanda kwenye ule mwinuko, wakulima na wenye maduka, na Bonaya na ng'ombe alioweza kuwaokoa. Mwanzo tulimshukuru. Mavyaa, ambaye hakuwahi kumsemea jema, alimshika mkono akambariki. Kisha maji yakaendelea kupanda. Yakatuzunguka. Ilipofika mchana, hapakuwa na njia ya kutoka upande wowote. Hapakufikiwa, kama alivyosema, ila palikuwa pamegeuka kisiwa, na waliokimbilia njia ya Witu, tulisikia baadaye, walitembea kwa miguu mikavu.

Basi tukakaa juu ya mwinuko wa tangi ambalo halijajengwa, maji mpaka upeo wa macho, na hatukuwa na maji ya kunywa. Yale ya mto yalikuwa na mizoga. Kuni zote zilikuwa zimelowa, huwezi kuchemsha. Bwana Maji aliling'oa hema lake, akaliwamba kwa vigingi, mvua ikinyesha tukakinga kwa ndoo. Mvua ikakoma. Kilichopatikana ndicho kilichokuwepo, na hakuna aliyejua mitumbwi itakuja lini.

Alisimama mbele ya zile ndoo akatangaza zamu. Watoto wachanga na mama zao kwanza. Watoto wakubwa. Wagonjwa. Vijana watakaosukuma mtumbwi ukija. Wazee mwisho.

 Kwetu mzee hawekwi mwisho. Hata Bonaya, ambaye alikuwa amekamua maziwa kidogo yaliyokuwepo akawagawia watoto wa wakulima bila kuulizwa, alisema, "Hiyo mbaya, Bwana Maji. Mzee iko baba yako."

"Najua," akasema. "Najua, mzee wangu. Lakini wa mwisho lazima awepo."

Siku ya pili asubuhi nilimwona mavyaa akimwendea na kata mkononi. Nilikuwa nimekaa mbali kidogo, homa imeanza kunipanda, Komora kifuani. Sikuyasikia maneno. Nilimwona Bwana Maji akitikisa kichwa na kumwonyesha kwa mkono akae angoje. Mavyaa alisimama pale muda, mgongo umenyooka, kisha akageuka akaondoka na kata tupu. Homa ikanichukua. Kesho yake, nilipofumbua macho vizuri, nilimwona yuko ukingoni mwa mafuriko, amechutama, anakunywa maji ya mto kwa viganja.

Mitumbwi ilikuja siku iliyofuata. Mume wangu alikuwa kwenye wa kwanza. Mavyaa alikuwa tayari anaharisha, amelegea. Tulimpeleka kwa ndugu zake, kijiji cha Hewani, na huko akafa, na huko tukamzika, ardhi ingali matope.

Watu walimsimulia mume wangu kama walivyoona. Mama yako aliomba maji, akanyimwa. Aliniuliza na mimi, "Uliona?" Nikasema niliona. Ilikuwa kweli. Alimwendea Bwana Maji sokoni, akamkamata shati mbele ya watu.

"Ulimnyima mama yangu maji?"

Bwana Maji hakujitetea. Alilia. Machozi yalimtoka na kamasi, mikono imening'inia, mbele ya wauza mbuzi na wanawake. "Nilipanga zamu," akasema. "Nilipanga zamu." Mume wangu alimwachilia kama mtu anayeacha kitu kilichooza. Haikupita muda Bwana Maji akahamishwa. Darubini ikapakiwa kwenye lori, na mume wangu siku hiyo hakwenda kazini, ili asikivute kivuko alichomo yeye.

Baada ya hapo watu waligawanyika juu yake. Bonaya alikuwa akisema, "Yule mtu ilileta sisi mahali mbaya, halafu ilitutoa hai." Mama mmoja ambaye mapacha wake walikuwa pale juu hakuruhusu mtu aseme neno baya mbele yake. Mume wangu hakutaka atajwe kabisa nyumbani. Mimi nilikuwa na mtoto aliye hai na mavyaa aliyekufa, na yote mawili yalitoka kwenye ndoo zilezile. Nikimshukuru kwa mmoja najiona namsaliti mwingine.

Mji haukuja. Au ulikuja kidogokidogo, kibanda hiki na kile, lakini si ule aliouona yeye. Vigingi vyake wanawake walivifanya kuni.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ile ile ya hamsini. Komora alikuwa ameumia jicho, nikampeleka Malindi hospitali. Tulipotoka, karibu na soko, tukakuta foleni ya wanawake kwenye bomba la mtaa, na aliyekaa pale na ufunguo, akifungua na kufunga, alikuwa yeye. Nywele zimeingia mvi. Amekonda. Kwanza nilitaka kupita. Lakini yeye alikuwa ameshaniona, na hakunitazama mimi, alimtazama mtoto.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye."

"Mashallah." Akafunga bomba. Wanawake wakaguna. "Mumeo hajambo?"

"Hajambo."

"Bado ana uchungu nami?"

"Alimzika mama yake," nikasema. "Wewe ungekuwaje?"

 Akasema, kwa ile sauti yake ya kusoma, "Sikumnyima."

Niliona hasira inanipanda mpaka shingoni. "Niliona kwa macho yangu!"

"Uliona asubuhi. Ilikuwa zamu bado, nikamwambia angoje. Alasiri alirudi, wewe homa imekulaza, hujitambui. Nilimpa fungu lake lote. Hakunywa. Alikwenda akamnywesha huyu mtoto. Nikamwambia, mama, huyu ameshapata lake, hilo ni lako. Akaniambia ninyamaze."

"Na kwa nini hukusema? Mume wangu alipokushika shati, kwa nini hukusema?"

"Aliniambia ninyamaze," akasema tena. Halafu, "Na nani angeniamini, Mama Komora? Mimi ndiye niliyewapandisha pale."

 Nilijaribu kuikumbuka ile alasiri, nikakuta ni giza tupu la homa. Nilitaka kumwamini. Nilitaka pia kumrushia kitu. Mwishowe nilisema jambo ambalo sikulipanga. "Basi ndoo ukamwambie mwenyewe." Sijui kwa nini nililisema kwa usemi wake.

Nilidhani atatoa udhuru. Badala yake alisimama, akampa ufunguo wa bomba mwanamke aliyekuwa mbele kwenye foleni, akachukua koti lake. "Bwana, unakwenda wapi?" wakamwita. "Nani atatufungulia kesho?" Hakugeuka.

 Kwenye basi Komora alilala mapajani mwangu na kitambaa jichoni. Tulipofika kivukoni, mume wangu alikuwa kwenye kamba. Alituona mimi na mtoto, akatabasamu, kisha akamwona aliyekuwa nyuma yetu. Mikono yake ikasimama. Wenzake waliendelea kuvuta. Bwana Maji alikuwa amesimama katikati ya kivuko, safari hii macho wazi, hajashika mtu.

Jioni tuliketi hotelini sisi watatu, nimeshafunga biashara. Bwana Maji alisema aliyoniambia mimi, maneno yaleyale. Mume wangu alisikiliza ameinamisha kichwa. Niliogopa atapindua meza. Lakini aliuliza swali moja tu.

"Alipokuwa anamnywesha mtoto, mama alisema nini?"

Bwana Maji alifikiri. Alichukua muda mrefu, na mimi nilimwangalia uso, natafuta kama anakumbuka au anatunga.

"Alisema, 'Mume wangu anywe kwanza.'"

Mume wangu alijifunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kumtikisika. "Ni yeye," alikuwa akisema ndani ya viganja. "Ni mama huyo. Alimwita hivyo. Ni yeye."

Naam, alimwita hivyo. Lakini ni bibi gani, kuanzia Hola mpaka Kipini, asiyemwita mjukuu wake wa kiume 'mume wangu'? Mtu yeyote angeweza kulisema neno hilo na likawa kweli. Nilimtazama Bwana Maji, naye akanitazama, na machoni mwake sikuona chochote isipokuwa uchovu.

Mume wangu alipangusa uso, akainuka, akamshika mkono. "Hakuna gari sasa," akasema. "Utalala kwetu. Utalala kitanda cha mama."

Kitanda kile kilikuwa hakijalaliwa na mtu tangu masika yale. Waliketi nje ya nyumba wakizungumza habari za mto, umekula upande gani mwaka huu, umeacha upande gani, na mimi nikaingia ndani na shuka. Nilivuta pembe hii, nikavuta pembe ile. Sikujua namtandikia mtu aliyemtunzia mavyaa wangu siri yake, au mtu aliyekuja na uongo mzuri akapewa mahali pa kulala. Nilipomaliza nilitoka, nikawaambia kiko tayari.